Vitabu Ambavyo Angevichoma

Kwa miaka kama sita mimi ndiye niliyechagua vitabu vya hadithi katika shule moja ya msingi hapa Kitengela, na kipimo changu kilikuwa kimoja tu. Nilishika kitabu, nikasoma kurasa tatu za mwanzo, kisha nikajiuliza: je, yule mzee angekichoma? Kama angekichoma, kiliingia kwenye katoni. Walimu wenzangu walidhani nilisomea mambo ya watoto mahali fulani. Sikuwa nimesomea. Nilikuwa na kinyongo.

Kinyongo hicho nilikipata nikiwa darasa la tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengela ya wakati ule ilikuwa nyasi na vumbi, na nyumbu walipita nyuma ya choo cha shule kana kwamba nao wameandikishwa. Baba alikuwa kibarua katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Mama alishona nguo kwenye kibaraza cha duka la mtu. Walikuwa wametoka Ukambani kabla sijazaliwa. Mama hakujua kusoma, ila alisikiliza hadithi kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ukimsimulia jambo, alikusimamisha katikati akakuuliza maswali kama askari.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mwanamke Mmaasai, mrefu, kijana bado, aliyekuja shuleni kwetu na sanduku la bati lililojaa vitabu vyake mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne alilifungua. Hakutuacha tujichagulie ovyo. Alikutazama usoni kwanza, kama daktari anayetafuta homa, kisha akaingiza mkono sandukuni.

"Wewe," aliniambia Ijumaa moja, "wewe unapenda kubishana. Chukua hiki. Kiko na fisi mwongo."

Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la manjano. Fisi alikuwa amefungua duka la miwani. Kila mnyama aliyevaa miwani yake aliona kile alichotamani kuona. Twiga aliona miti imejaa majani wakati wa kiangazi. Kondoo alimtazama mwenye duka akaona kondoo mwenzake, mpole, mwenye sufu nzuri. Nilimsomea mama jioni, yeye akikanyaga cherehani, mimi nikigeuza Kiswahili kuwa Kikamba kadiri nilivyoendelea.

"Ngoja kwanza," alisema na kusimamisha gurudumu kwa kiganja. "Huyo kondoo hana pua? Hasikii harufu ya fisi?"

"Mama, amevaa miwani."

"Miwani ni ya macho. Mimi nauliza pua."

Tulibishana hadi sufuria ikaungua.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mwanamume wa koti la kijivu aliyefundisha hesabu. Alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema neno, na sisi tulipokisikia kikohozi hicho tulificha chochote tulichokuwa nacho mkononi, hata kama ni kipande cha muwa. Alinikuta saa ya chakula cha mchana, nimekaa peke yangu nyuma ya darasa, kitabu kikiwa magotini.

"Hiki kinatoka kwa mtihani?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi ni cha nini?"

Alikichukua kitabu kabla sijajibu. Tangu siku hiyo nimetunga majibu mengi sana, mengine mazuri mno, nikiwa nafua nguo au nasubiri maji kwenye foleni ya bomba.

Kesho yake asubuhi aliniita mbele ya shule nzima, pale kwenye mlingoti wa bendera. Aliniwekea kitabu mkononi. "Mwenzenu huyu anasema wanyama wanauza miwani," aliwaambia wanafunzi. Kisha akanigeukia. "Soma, tusikie."

Nilisoma. Wengine walinicheka, naye akatabasamu. Nikaendelea. Baada ya mistari michache kicheko kilibadilika. Walikuwa wakimcheka fisi. Watoto wa darasa la kwanza, waliopangwa mbele, walikaa chini kwenye changarawe bila kuambiwa. Nilipofika mahali ambapo kondoo anamwuliza fisi kwa nini meno yake ni marefu, msichana wa darasa la nane alipaza sauti, "Endelea!" na nikaendelea bila kungoja ruhusa. Sijawahi kufurahi hivyo shuleni, kabla wala baada.

Naibu alikohoa mara mbili. Alininyang'anya kitabu, akanishika bega, akanipeleka hadi kwenye shimo la takataka, na shule nzima ikitazama alinipa kiberiti.

"Washa wewe mwenyewe."

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili pia. Ya tatu alinikingia upepo kwa koti lake, kwa uangalifu kabisa, jinsi mtu mzima anavyomsaidia mtoto kufanya jambo zuri. Karatasi nzito ile haikushika moto upesi. Nilisimama pale mpaka jalada likajikunja na lile manjano likawa jeusi.

Siku hiyohiyo mama aliitwa. Aliacha cherehani, akaja na pini bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Nilisimama kando ya mlango wa ofisi nikasikia yote.

"Mama, mtoto wako anajazwa uongo. Uongo na ushetani. Wanyama hawaongei."

"Nisamehe, mwalimu," mama alisema. "Hatarudia."

Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Mama yangu, ambaye siku chache tu kabla alikuwa akitaka kujua habari za pua ya kondoo, aliomba msamaha kana kwamba tumeiba.

Tulipofika nyumbani alikaa, akavuta kitambaa chini ya sindano, halafu hakushona.

"Zilikuwa zimebaki kurasa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sasa yule fisi?"

Nikatunga. Nilimvika fisi koti la kijivu na kumpa kikohozi. Niliwafanya wanyama wote wavue miwani kwa wakati mmoja, wakamkuta mwenye duka amesimama katikati yao, mdomo umejaa sufu, akikohoa ili apate kusema neno. Mama alicheka mpaka utepe wa kupimia ukamwanguka shingoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nakiona kichwa chake kimeinama pale ofisini, na niliapa, jinsi mtoto wa miaka kumi na mmoja anavyoweza kuapa, kwamba yule mtu nitamwinamisha na yeye.

Kabla muhula haujaisha mwalimu wetu wa Kiswahili alihamishiwa Mashuuru. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Siku ya kuondoka alinigusa utosini, vile Wamaasai wanavyowasalimu watoto, akapanda gari na sanduku lake.

Nilisoma ualimu. Sitasema nilisoma ualimu kwa ajili ya kulipiza kisasi, ila sitasema pia kwamba wazo hilo halikuwepo. Nilifundisha miaka michache Kajiado mjini, kisha nikaomba uhamisho nirudi Kitengela kwa mama. Hii ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mji ulikuwa umejaa nyua za waya, maduka ya mabati na simenti, na ghorofa zilizoota pale nyumbu walipopita. Shuleni, baada ya karo kuondolewa, darasa langu lilikuwa na watoto themanini na wawili. Mwalimu mkuu, mtu mwenye huruma na asiyependa ugomvi, alinipa stoo ya majembe ili niigeuze maktaba, akaniita kwenye kikao cha kamati ya vitabu.

Mwenyekiti wa wazazi alichelewa. Nilikuwa nikiandika kitu, kichwa chini, niliposikia mtu akikohoa mara mbili mlangoni.

Alikuwa amestaafu, amejenga hapo jirani, na wazazi walimchagua kwa sababu anaheshimika na hana shughuli nyingi. Hakunitambua. Nilikuwa na jina la mume wangu na mwili mwingine kabisa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu sana kwetu."

Kwetu! Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Nilikaa chini nikamsikiliza akieleza kwamba watoto wanahitaji vitabu vya marudio, maswali na majibu, basi.

"Hizi hadithi, Mwalimu, zitawapeleka wapi?"

"Sijui zitawapeleka wapi," nilisema. "Ndiyo maana nataka waende."

Mwalimu mkuu aliona sura zetu akaamua haraka: nusu marudio, atakayochagua Mwenyekiti, nusu hadithi, nitakazochagua mimi.

Palikuwa na duka la vitabu Kajiado mjini, la mama mmoja mnene aliyekuwa akinifahamu tangu nikiwa mwalimu kule. Alinipindulia kreti la soda nikakaa, akaniletea marundo. Nilisoma siku mbili, asubuhi mpaka wafunge. Nikachukua kitabu cha zimwi lililoishi ndani ya tangi la maji na kula majina ya watoto, ili mama zao wasiweze kuwaita. Nikachukua cha ng'ombe aliyekataa kutembea ardhini, akachunga nyota. Cha msichana aliyeuza kivuli chake sokoni kisha akaanza kukitafuta. Kwa kila kimoja nilimwona mzee amesimama kando yangu akisoma kichwa cha kitabu, na kadiri uso wake ulivyokunjamana ndivyo mimi nilivyozidi kufurahi. Mama mwenye duka aliniletea hadithi moja ya familia iliyokuwa ikihamisha mifugo wakati wa ukame. Mambo ya kweli, lugha safi.

"Hiki kinapendwa," alisema.

Nilikisoma. Kilikuwa kizuri. Nikajiuliza swali langu, nikaona mzee angekipenda, nikakirudisha kwenye rundo.

Vitabu vyangu vilipofika, Mwenyekiti alivipekua kimoja kimoja akivishika kwa ncha za vidole. Alingoja mkutano wa wazazi.

Mkutano ulifanyika uwanjani, wazazi wengine kwenye madawati yaliyotolewa madarasani, wengine kwenye nyasi. Darasa la nne walikuwa wamekaa mbele kwa sababu walikuwa wameimba. Mwenyekiti alimaliza mambo ya choo na uji, akakohoa mara mbili, akainua juu kile kitabu cha zimwi.

"Wazazi, serikali inatuletea elimu ya bure, halafu watoto wetu wanasomeshwa haya. Mazimwi! Mimi naomba mkutano huu uamue vitabu hivi viondolewe."

Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa imara. Ilikuwa imengoja karibu miaka kumi na mitano.

"Mwenyekiti, wazazi hawajui kilicho ndani. Si haki waamue bila kujua. Wasomee kidogo."

"Mimi?"

"Wewe uko na kitabu mkononi. Soma, tusikie."

Nilimtazama nione kama maneno hayo yatamgusa. Hayakumgusa. Alifungua kitabu, akakisogeza mbali na macho, akaanza. Alisoma kama mtu anayetangaza mnada wa mbuzi. Alifika pale zimwi linapotoa kichwa ndani ya tangi na kumwuliza mtoto, "Unaitwa nani, kitamu changu?" na alilisema hilo kwa sauti ileile ya choo na uji.

Msichana mmoja wa darasa la nne alishindwa kuvumilia. Aliruka juu.

"Babu, si hivyo! Zimwi linaongea na pua!"

Alikuwa mjukuu wake. Uwanja mzima uliangua kicheko. Baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Jaribu na pua, Mwenyekiti!" na akina mama walishikana mabega. Mzee alisimama na kitabu chake, jasho likimtoka kwenye paji la uso, akakohoa mara mbili, na kikohozi chenyewe kikawachekesha zaidi. Hapo ndipo kichwa kilipoinama. Nilikitazama vizuri. Sikutaka kukosa hata kidogo.

Mzee mwingine, aliyevaa shuka na kofia ya sufu, aliinua fimbo yake. "Mimi nauliza. Hilo zimwi lilipata jina la mtoto ama halikupata?"

Haikuwezekana kuendelea na ajenda. Nilichukua kitabu nikasoma mpaka mwisho, kwa pua, na wazazi wakasema vitabu vikae.

Nilimfuata Mwenyekiti hadi langoni. Nilitaka ajue ni nani aliyempiga. Nilimwambia kila kitu: mlingoti, shimo, njiti tatu, koti alilonikingia upepo, mama yangu na pini zake. Nilikuwa nimejiandaa akane. Nilikuwa nimejiandaa akasirike, na nilijiandaa hata kwa siku ambayo angeomba msamaha nami ningemkatalia.

Alifikiri kwa dhati.

"Kitabu cha fisi," alisema. "Sikumbuki, Mwalimu." Akafungua lango. "Nilichoma vingi. Ilikuwa kazi."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Mtu unamwekea jiwe moyoni miaka yote, kumbe yeye hata hana habari ulikuwa hapo.

Likizo ilipofika nilikwenda Mashuuru kumtafuta mwalimu wangu wa zamani, nimpelekee habari za ushindi. Nilimpata nyumbani kwake karibu na shule, mvi zimeanza, miwani imefungwa kwa uzi.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia, akanitazama usoni vilevile kama daktari. "Wewe ni yule wa kubishana."

Nilimsimulia mkutano wote. Nilipofika kwenye pua alicheka akajifuta machozi kwa kanga. Nikangoja aniambie nimefanya vizuri. Badala yake alinyoosha mkono.

"Uko na orodha ya vitabu?"

Nilikuwa nayo kwenye daftari. Alichukua kalamu nyekundu. Alishuka polepole, akiweka alama hapa, akiniuliza habari za kitabu pale. Kuna kimoja, cha jitu lililokata watu vichwa, alikizungushia duara.

"Hiki ulikichagua ukiwa na hasira."

"Umejuaje?"

"Unanieleza vichwa vilivyokatwa tu, huniambii habari za mtu yeyote. Kuna mtoto alilia?"

Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyekataa kuingia maktaba kwa mwezi mzima. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Na hakuna hata kimoja cha ng'ombe wa kawaida? Hapa kwetu mtoto anaona boma limebaki na ndama mmoja baada ya ukame. Huyo utampa nini, nyota?"

"Kulikuwa na kimoja," nilisema. "Lakini yule mzee angekipenda."

Alifunga kalamu. "Kwa hivyo anayechagua bado ni yeye."

Nilimkasirikia kutoka Mashuuru hadi nyumbani. Nilinunua kile kitabu cha ukame, nikatoa kile cha vichwa, lakini swali langu sikuliacha. Na ndani ya hasira hiyo nilipata mpango mpya.

Nilitengeneza kadi za manila kwa darasa lote la nne. Kila mtoto alipaswa kumsomea mtu mzima nyumbani, na mtu huyo aandike sahihi chini ya maneno haya: Nimesikiliza hadithi hii mpaka mwisho. Watoto themanini na mmoja walichukua kitabu chochote walichotaka. Mmoja nilimchagulia mimi mwenyewe. Mjukuu wa Mwenyekiti alikuwa akiishi naye, wawili tu, kwa sababu wazazi walikuwa kazini mbali. Hakuwa na mtu mzima mwingine wa kumsomea.

Kila Ijumaa nilimpa viwili. Mazimwi, majini wa visimani, sungura matapeli, fisi wa kila aina. Kila Jumatatu kadi ilirudi na sahihi. Zile za kwanza zilikuwa zimekandamizwa mpaka kalamu ikatoboa manila, na mimi nilizipitishia kidole.

"Babu alisema nini?" nilimwuliza.

"Alisema ni upuzi."

"Lakini alisikiliza?"

"Nilimwambia bila kusikiliza hakuna sahihi, na bila sahihi nitachapwa na Mwalimu."

Sikuwa nimesema nitamchapa. Nilimpenda sana mtoto huyo.

Mihula miwili ilipita hivyo. Ilikuwa kama kumnywesha mtu dawa chungu kijiko kwa kijiko, naye hawezi kukataa kwa sababu anayeshika kijiko ni mjukuu wake. Kisha nikampa kitabu cha kwanza cha hadithi ndefu yenye vitabu viwili, ya msichana aliyemfuata mbuzi wake akaingia chini ya ziwa la magadi, akakuta mji mzima huko, na watu wake weupe kwa chumvi. Jumatatu msichana alikuja mbio kabla ya kengele.

"Mwalimu, Babu amesema nipewe cha pili leo, si Ijumaa. Anataka kujua kama mbuzi alipatikana. Jana hata alikataa kula mpaka nimalize."

Alinipa kadi. Sahihi ilikuwa laini, yenye mkia mrefu, sahihi ya mtu aliyestarehe.

Siwezi kueleza hasira iliyonipanda. Hakupewa vitabu ili afurahi. Aliyekuwa na haki ya kufurahi ni mama yangu, na alinyimwa. Kitabu cha pili kilikuwa kwenye droo ya meza yangu, nikikigusa kwa goti.

"Kimeazimwa," nilisema.

Aliuliza Jumanne. Aliuliza Jumatano. Wiki ya pili alikuja kila mapumziko, akasimama mlangoni, akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Nilimpa vingine, alivirudisha bila sahihi. Wiki ya tatu alileta kadi akaiweka mezani.

"Sitaki kingine, Mwalimu. Nikianza kingine nitamsahau huyu wa mbuzi, na yeye bado yuko kule chini."

Nilivuta droo mbele yake. Nikatoa kitabu, nikampa. Aliitazama droo, kisha akanitazama mimi, na nikaona amejua. Alichukua kitabu kwa mikono miwili, akaondoka kwa kutembea, si kwa kukimbia.

Hilo ndilo naona aibu. Mengine yote, hapana. Na yule mtoto hakuwa tena na mazoea nami kama zamani. Alichukua vitabu mpaka darasa la nane, aliniamkia vizuri, akaenda shule ya bweni upande wa Kajiado bila kuja kuniaga.

Wakati huo babu yake hakuwa Mwenyekiti tena. Alhamisi moja saa ya mapumziko nilikuwa nikigonga muhuri, foleni ya watoto imetoka nje ya mlango hadi kwenye tangi la maji, nikasikia kikohozi. Mara mbili. Alikuwa amesimama kando ya meza yangu, amekonda, ameshika kofia.

"Mwalimu, mtoto amekwenda bweni. Sasa pale nyumbani..." Hakumaliza. "Nilitaka uniazime kimoja."

"Hawa wote wanataka kimoja," nilisema. "Panga laini."

Alikwenda nyuma. Alisimama juani, mzee mzima, nyuma ya mtoto wa darasa la pili ambaye alimwuliza, "Wewe, Babu, unachukua gani?" na akamjibu kwa upole kwamba hajui bado. Niligonga muhuri polepole kuliko siku zote. Kengele ililia akiwa wa tatu kutoka mezani.

"Muda umeisha. Kesho."

Ijumaa alirudi, na kengele ililia tena. Sitadai ilikuwa bahati mbaya. Jumatatu alikuja mapema, kabla ya mapumziko, akasimama wa kwanza peke yake kwenye mlango uliofungwa, nami nilikuwa darasani nikimwona kupitia dirishani kwa dakika arobaini nzima. Hakuegemea ukuta.

Nilipofungua nilimwambia akae. Nilikwenda kwenye rafu. Mkono wangu ulipita juu ya zimwi, juu ya kivuli, juu ya ng'ombe wa nyota, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nafikiria mtu huyu anayeishi peke yake na sahani moja, anataka nini hasa kusikia. Nikakasirika kwamba najua. Nikavuta kitabu kinene cha mwanamke aliyefuga upepo kwenye kibuyu na kuongea nao jioni, na upepo ukamjibu. Nikagonga muhuri.

Watoto nilikuwa nawapa wiki mbili. Yeye nilimwandikia siku tatu.

"Asante, Mwalimu," alisema, akakitia ndani ya koti.

Sikumwambia karibu. Alikirudisha baada ya siku mbili, akaenda mwenyewe mwisho wa laini.